Ukumbi wa kijiji kuwa kimbilio la mafuriko: pesa ya kwanza isiende kwenye bati

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Kilosa. Tuna ukumbi uliojengwa enzi za Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, wa matofali ya saruji, mita 20 kwa 10, wenye jukwaa. Nusu ya paa ni bati la chuma, nusu ni yale mabati mazito ya kijivu ya zamani, na linavuja kote. Mafuriko yakija watu wetu hukimbilia shule ya msingi, masomo yanasimama kwa wiki kadhaa. Tumetenga shilingi milioni 18 na wananchi wako tayari kujitolea nguvu zao. Mkutano wa kijiji unataka bati la rangi, dari ya jipsamu na vigae. Diwani anasema ukumbi utabeba watu 300. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Mtendaji, kabla fundi hajapanda juu, na kabla hujaomba bei dukani, chukua futi kamba na wazee wawili watatu wenye kumbukumbu nzuri, mwende ukumbini. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipovunja tuta na kuingia mjini Kilosa, bado yako vichwani mwa watu wazima wa huko. Hata reli ya kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Usiwaulize kama maji yalifika "eneo hili". Waulize yalifika wapi kwenye ukuta huu, waoneshe kwa kidole. Mara nyingi jengo lenyewe litawaunga mkono: mstari wa tope chini ya rangi mpya, plasta iliyovimba kwa kimo kilekile kuzunguka jengo zima, bawaba za chini zilizoliwa na kutu ilhali za juu ni nzima.

Kama sakafu iko chini ya mstari huo, ushauri wangu ni mfupi: ukumbi huo usiwe kimbilio. Utengenezeni kwa ajili ya harusi na mikutano mkitaka, lakini watu wapelekwe kwingine. Najua ushauri huu una gharama ya kisiasa kwa sababu pesa imeshatengwa na kila mtu amesikia. Kuna watakaokuja na wazo la kujaza kifusi ndani ili kuinua sakafu. Kifusi kinasukuma kuta kwenda nje, kinapunguza kimo cha milango, na bado watu watakuwa kisiwani.

Sakafu ikiwa salama, tembea njia yenyewe ya kufika, kwa miguu, kutoka vitongoji vinavyofurika. Kuna korongo katikati? Kama korongo hilo linajaa saa mbili kabla ya mto kufurika, wanaohitaji ukumbi hawataufikia. Angalia pia mlima ulio nyuma yako. Mjini Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, maafa hayakuanzia mtoni: tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ukumbi ulio kwenye mdomo wa bonde la mlima haufai, hata ukiwa juu ya mto kwa mita kumi.

Nachukulia ukumbi wako umepita mitihani hiyo. Sasa watu 300.

Miongozo ya kimataifa ya misaada ya kibinadamu, inayoitwa Sphere, inataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala na kukaa ndani. Ukumbi wako una mita za mraba 200. Toa jukwaa, ambalo nitakuomba liwe stoo, tuseme 30. Toa njia ya kupita na nafasi ya milangoni, 20. Zinabaki 150. Gawanya kwa 3.5, unapata watu 43.

Naelewa mshtuko. Usiku wa kwanza, mvua ikinyesha, mtawaingiza hata 150 wakae wima hadi asubuhi, na hakuna atakayelalamika. Lakini wewe umesema masomo husimama kwa wiki kadhaa, maana yake watu wanakaa kwa wiki kadhaa. Ukiwalaza 300 humo kwa wiki tatu, kikohozi cha mmoja kitakuwa cha wote na kuhara kutafuata. Kwa hiyo mwambie diwani, kwa heshima zote, kwamba ukumbi ni wa wale 40 na kitu wasioweza kulala kwenye hema: waliojifungua, wajawazito, wazee, wagonjwa, wenye ulemavu. Wengine wataenda kwa ndugu, kama watu wetu wanavyofanya siku zote, na waliobaki watapata mahema na maturubai kwenye uwanja wa ukumbi, wakitumia vyoo vyake, maji yake na stoo yake. Nitapiga hesabu zangu kwa watu 150 kwa jumla, ndani na nje. Hapo utaona kwamba unachotengeneza hasa ni kiwanja chenye huduma, ambacho katikati yake kuna jengo.

Tuje kwenye paa, maana ndilo lililokufanya uandike.

Kuvuja ndiyo kasoro ndogo kuliko zote za paa. Kasoro kubwa ni kung'oka. Watu hudhani upepo huangusha paa kwa kulisukuma. Upepo mkali ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ukiingia ndani kupitia dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka chini. Nguvu zote mbili zinaelekea juu. Kwa hiyo swali si kama paa linaweza kubeba uzito, ni kama kuna kitu kinacholishikilia chini. Bati limeshikwa na papi, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, papi imeshikwa na kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa, kenchi imeshikwa na mbao iliyolala juu ya ukuta, na mbao hiyo inatakiwa ishikwe na linta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na milango. Kwenye majengo ya miaka ya 1970 niliyokagua, mnyororo huo mara nyingi hukatikia mahali palepale: mbao imelazwa juu ya ukuta na kukandikwa udongo wa saruji, basi. Miaka yote hiyo paa limekaa kwa uzito wake tu.

Ingia darini mchana na tochi na bisibisi ndefu. Nenda moja kwa moja kwenye ncha za kenchi pale zinapokaa ukutani, maana hapo ndipo maji ya kuvuja hutuama na mchwa hupandia. Choma. Mbao nzima inakataa. Iliyoliwa inaimeza bisibisi hadi mpini, ingawa kwa nje inaonekana imenyooka na hata rangi haijatoka. Weka alama ya chaki kwenye kila ncha mbovu na uzihesabu. Ikiwa mbovu ni chache, fundi atakata kipande na kuungia mbao mpya pande zote mbili kwa bolti. Zikizidi theluthi, usihangaike na viraka, pauwa upya.

Kisha kila kenchi ifungwe kwa ukanda wa chuma unaopita juu ya mbao na kushuka pande zote mbili za ukuta hadi kwenye linta, na kukazwa kwa bolti kwenye zege la linta hiyo. Nasisitiza kwenye linta. Mafundi wengi watataka kuishia kwenye kozi mbili tatu za tofali zilizo juu yake kwa kuwa ni rahisi kutoboa. Kufunga paa kwenye tofali zile ni kuzipa safari ya bure: paa litaondoka nazo. Kama jengo halina linta inayozunguka kuta zote, na utalijua hilo kwa kubandua plasta kidogo sehemu tano sita juu ya madirisha na kati ya madirisha, hapo unahitaji mhandisi wa halmashauri aje kwa miguu yake, na sehemu kubwa ya milioni 18 itaishia kwenye mkanda huo wa zege na nondo juu ya kuta. Itakuwa imetumika vizuri.

Bati jipya likihitajika, nunua geji 28, si 30. Namba inadanganya: ndogo ndiyo nene. Bati la rangi halina ubaya, ila rangi hailishikilii paa. Tumia skrubu zenye mpira badala ya misumari, na kwenye kingo za paa, pembeni na kwenye kofia, piga kila mgongo wa bati bila kuruka, kwa sababu upepo huanza kuchokonoa kwenye kingo.

Yale mabati mazito ya kijivu yamenitia wasiwasi kuliko kitu kingine katika barua yako. Kwa jengo la umri huo, yachukulie kuwa ni asbesto hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo. Asbesto iliyotulia juu ya paa haina madhara makubwa. Ikikatwa, ikitobolewa, ikivunjwa au ikifagiliwa, inatoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana, na mtu aliyezivuta leo anaweza kuja kupata saratani ya mapafu au ya utando wake baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Ndiyo maana hakuna anayeiogopa: aliyeivunja jana anaonekana mzima.

Kwa hiyo hapa nguvu za wananchi zikae mbali kabisa. Vijana wasipande kuyarusha chini. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, umpe nakala afisa mazingira, uombe mwongozo wa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kuhusu kuyaondoa na mahali pa kuyafukia. Yakiruhusiwa kuondolewa, yanaloweshwa kwanza, yanashushwa yakiwa mazima, yanafungwa kwenye nailoni nzito, na wanaofanya kazi wanavaa barakoa maalumu za vumbi hilo, kitambaa hakisaidii. Yakiwa bado mazima na pesa haitoshi, ni heri yabaki pale pale bila kuguswa, kisha upande ule ufanywe jukwaa na stoo, na dari ifungwe chini yake bila kuyatoboa. Na jambo moja ambalo hutokea kila mara: mabati hayo hugawiwa watu kuezekea mabanda ya kuku na majiko. Usikubali, hata aombe nani.

Kuta sitakaa nazo sana. Ufa mwembamba wa plasta unaokimbia ovyo ni wa plasta. Ufa wa kukingama unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupenya hadi kwenye tofali, ambao sarafu inaingia, ni wa msingi au wa linta. Bandika juu yake kibonge chembamba cha saruji, andika tarehe kwa msumari kabla hakijakauka, uache miezi miwili. Kikipasuka, jengo bado linatembea na mhandisi anatakiwa. Angalia pia gebo, zile pembetatu za tofali juu ya kuta za mbele na nyuma. Zinasimama peke yake bila kushikwa na kitu, nazo ni kati ya sehemu za mwanzo kuanguka ardhi ikitikisika. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu na bado liliacha maelfu ya nyumba zikiwa magofu. Gebo iliyolegea ibomolewe, iwekwe bati au mbao mahali pake. Ni kazi ndogo.

Sasa vyoo. Hapa ndipo ningemwaga pesa, na najua ndipo mkutano wa kijiji hautashangilia, maana hakuna mgeni rasmi anayekata utepe kwenye choo.

Kwa siku za mwanzo Sphere inakubali tundu moja kwa watu 50. Watu wakikaa, tundu moja kwa watu 20. Kwa watu wako 150 ni matundu matatu kuanzia, na manane kadiri siku zinavyosonga. Ya wanawake yawe mara tatu ya wanaume: sita na mawili. Kama sasa mna matundu mawili nyuma ya ukumbi, huo ndio ukubwa halisi wa kimbilio lenu, vyovyote paa litakavyokuwa.

Kosa la kawaida bondeni ni kuchimba shimo refu. Wakati wa masika maji ya ardhini yanapanda, shimo linajaa kutoka chini, na kilichomo kinaelea kwenda kwa watu. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapokuwa juu kabisa, na shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kama maji yako karibu, choo kiinuliwe juu ya ardhi: tangi la tofali lililopigwa plasta ndani na nje, ngazi au mteremko wa kupandia, mlango wa nyuma wa kunyonyea kinyesi tangi likijaa. Angalau kimoja kiwe na mteremko badala ya ngazi, sentimita 12 mbele kwa kila sentimita moja ya kupanda, na mlango wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Kila mlango uwe na komeo la ndani. Njia ya kwenda vyooni iwe na taa. Mahali penye giza wanawake na wasichana hujizuia kunywa maji tangu saa kumi jioni ili wasiende usiku. Muulize mama yeyote aliyewahi kulala kambini.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo lita 2,250 kwa watu 150. Upande wenye bati la chuma una mita za mraba kama 100. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake utavuna lita 1,000 kasoro zinazopotea, tuseme 800. Inafaa, haitoshi. Weka gata na simtanki la lita 5,000, maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe, na panga mapema na watu wa maji vijijini, RUWASA, nani ataleta mengine na gari litapita wapi. Usivune kutoka kwenye upande wa yale mabati ya kijivu. Simtanki likijaa lina tani tano. Likae juu ya kitako cha mawe na zege, si juu ya stuli ya mbao. Klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, ipimwe na bwana afya wa kata, na itunzwe mbali na jua.

Milango ya ukumbi ifunguke kwa nje, na iwe miwili kwa uchache, kila mmoja upande wake. Kumbi zetu nyingi zina mlango mmoja wa maana na madirisha yote yamefungwa nondo dhidi ya wezi. Moto ukiwaka, watu watakandamizana hapo mlangoni. Chagua madirisha mawili, nondo zake ziwekwe bawaba na komeo la kufungulia kutoka ndani. Lova zilizovunjika usizibe kwa mbao. Weka wavu wa mbu, hewa ipite. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa uji wa mtoto, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini bila moshi wala harufu. Jenga banda la kupikia pembeni, mguu wa kuku tu, nguzo na bati.

Dari ya jipsamu achana nayo. Ikilowa inashuka vipande vipande juu ya watu waliolala. Vigae vinateleza kwa miguu yenye tope. Sakafu ya saruji iliyopigwa brashi inatosha, iwe na mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili iweze kuoshwa. Ukutani, kwa kimo cha mita mbili, zege liwekewe ndoano kila mita tatu pande zote mbili. Zitafungiwa kamba, na vitenge au maturubai yatagawa ukumbi kwa kaya. Ni vyuma vya bei ya chini kabisa katika makadirio yote, na ndivyo vitakavyompa mama mwenye kichanga mahali pa kunyonyeshea bila macho ya kijiji kizima.

Kwa hiyo, kwa mpangilio wa matumizi: kwanza kufunga paa na kubadilisha mbao mbovu, pili vyoo, tatu maji, nne milango na madirisha, tano taa za jua na sakafu. Mkifika hapo pesa ikiwa bado ipo, pakeni rangi. Nguvu za wananchi ziende kwenye kusomba mchanga, mawe na maji, kuchimba msingi wa vyoo na mtaro wa kuzunguka ukumbi. Kwenye paa walipwe mafundi, na kama mnatumia force akaunti, yaani kijiji kinasimamia ujenzi chenyewe bila mkandarasi, kamati ya ujenzi iandike kwenye mkataba kwamba kila ukanda wa chuma utahesabiwa na kupigwa picha kabla ya dari kufungwa. Ukishafunikwa, hakuna atakayejua kama upo.

Suala la funguo lipitishwe rasmi kwenye kamati ya maafa ya kijiji, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaitambua. Funguo ziwe kwa watu wawili, mmoja kila upande wa korongo kama lipo, wanaolala kijijini na si mjini. Ukumbi wenyewe ukodishwe kwa harusi na vikao mwaka mzima, ada iingie kwenye matengenezo, kwa masharti yaliyoandikwa kwamba tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, aliyekodi anarudishiwa pesa yake na ukumbi unafunguliwa. Mwekeni mwenye harusi saini hapo mapema, asije akaleta mabishano siku yenyewe.

Kabla hujanunua hata bati moja, nitumie picha nne: ncha ya kenchi inapokaa ukutani, mahali ulipobandua plasta juu ya dirisha, mabati ya kijivu, picha ipigwe kutoka chini bila mtu kupanda, na mzee akiwa ameweka kidole kwenye kimo cha maji. Nikiziona nitakuambia kama milioni 18 zinatosha au unatakiwa urudi kwa mkurugenzi.